Anza na Maji Kabla ya Chakula
Hali ya siasa inapoyumba, wengi hukimbilia kununua chakula, ilhali mtu huweza kustahimili njaa kwa siku nyingi lakini kiu humshinda katika siku chache tu. Tenga lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na uanze na akiba ya siku 3 kabla ya kufikiria wiki 2. Familia ya watu 5 itahitaji lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya wadudu halifai, hata likioshwa mara kumi. Yaweke mahali penye kivuli, uandike tarehe, na ubadilishe maji kila baada ya miezi 6.

Maji yenye shaka yachemshwe yatokote kwa dakika 1 kamili, au dakika 3 kwa anayeishi juu ya mita 2,000. Nishati ikikosekana, matone 2 ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, hutosha lita 1 ya maji maangavu, mradi usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. (Binafsi napendelea kuchemsha, kwani lebo za chupa hizo husomeka kwa taabu.)

Weka pia noti ndogondogo nyumbani, kwa sababu malipo ya simu huweza kukoma mtandao unapozimwa, na mwenye duka huenda asiwe na chenji.