Kutoa dukuduku kwa pumzi: namna ya kuingia darasa lako la kwanza na kulimaliza salama

Darasa la meditesheni ya kupumua huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, na kwa nje halina makuu. Watu wamelala chali wamefunikwa macho, muziki unapigwa, mwongozaji anazungumza, na kila mmoja anapumua kwa mdomo mfululizo bila kupumzika kati ya kuvuta na kutoa. Katika muda huo kuna atakayelia kwa kwikwi, atakayecheka asijue anacheka nini, atakayetetemeka miguu, na wapo wengi ambao hawatapata zaidi ya ganzi vidoleni. Wote hao wamefanya darasa vizuri. Kinachowaharibia wageni ni kulazimisha, yaani kusukuma pumzi kwa nguvu ili machozi yaje. Machozi hayaji kwa kusukumwa. Yanayokuja ni mikono kukakamaa.

Kuna mitindo mingi. Ule wa holotropiki, ulioanzishwa Marekani na Stanislav na Christina Grof miaka ya 1970, una vikao vinavyoweza kufika saa mbili hadi tatu. Mgeni asianzie huko. Tafuta darasa ambalo pumzi ya kasi haizidi dakika 20 hadi 25 na lenye muda wa kupumzika mwishoni.

Nani asiingie kwanza

Pumzi ya kasi hubadilisha hali ya damu ndani ya dakika chache, kwa hiyo hili si suala la kujikaza. Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye glakoma (presha ya macho) au aliyebanduka retina (utando wa nyuma ya jicho), aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na aliyewahi kuugua saikosisi (akili kupotewa na uhalisia) au bipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi): hawa wote wasifanye mtindo wa kasi mpaka daktari wao aseme. Mwenye pumu naye amuulize daktari, na akiruhusiwa aweke inhela mahali mkono unapofika, si ndani ya mkoba uliotundikwa mlangoni.

Anayepatwa na hofu ya ghafla mara kwa mara, au anayerudiwa na kumbukumbu za ukatili, ana njia iliyo tulivu zaidi. Vuta pumzi kwa pua, ongeza mvuto mdogo juu yake, kisha ishushe polepole kwa mdomo mpaka iishe. Rudia kwa dakika 5. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia watu waliofanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja, na hisia zao njema ziliongezeka kuliko za wale waliofanya meditesheni ya kawaida ya kuutazama mwendo wa pumzi. Kwa mtu mwenye majeraha mazito ya kihisia tungependekeza aanze hapo, akiwa na mshauri nasaha pembeni, kuliko kwenye ukumbi wenye watu 30 na spika kubwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Muulize mwongozaji amesomea wapi na kwa muda gani, ana wasaidizi wangapi, na atafanya nini mtu akizidiwa. Uliza kama huwa anawagusa washiriki. Jibu zuri ni kwamba huomba ruhusa kabla ya darasa na unaweza kukataa bila kutoa sababu. Asiyekupa fomu ya kuuliza afya yako, anayeahidi kuponya majeraha ya utotoni kwa kikao kimoja, au anayekushauri uache dawa zako, usirudi kwake.

Maandalizi

Kula mlo wako mkubwa saa mbili hadi tatu kabla. Tumbo lililojaa huzuia pumzi kushuka, na kichefuchefu huja haraka. Kahawa iache siku hiyo, kwa kuwa mapigo ya moyo yataongezeka yenyewe. Vaa nguo isiyobana kiunoni wala kifuani, toa lenzi za macho, nenda chooni dakika ya mwisho kabisa.

Beba mkeka, blanketi, kitambaa cha kufunika macho, tishu, maji na mafuta ya midomo. Blanketi si anasa; wengi hushikwa na baridi katikati ya darasa hata chumba kikiwa na joto. Mto wa kichwa uwe mwembamba, maana mto mnene hukunja kidevu kuelekea kifuani na kubana koo. Mto mwingine weka chini ya magoti ili mgongo usichoke.

Ukifanya kwa mtandao, awepo mtu mzima nyumbani anayejua unachofanya, na kamera ikuonyeshe mwili mzima. Usifanye kamwe ukiwa kwenye maji au ndani ya gari. Mtu anaweza kuzimia bila dalili ya kumtahadharisha, na akizimia majini anaweza kufa.

Pumzi yenyewe

Mtindo unaotumika sana kwa wageni una hatua tatu, zote kwa mdomo. Weka mkono mmoja chini ya kitovu na mwingine juu ya kifua, chini kidogo ya shingo. Vuta hewa ya kwanza hadi mkono wa chini uinuke. Bila kutoa, vuta ya pili hadi mkono wa juu uinuke. Kisha achia. Kila mvuto ni kama sekunde moja, kuachia ni sekunde moja hadi mbili, na ukishaachia unaanza tena papo hapo. Hiyo ni mizunguko 15 hadi 20 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20, kwa hiyo tofauti haiko sana kwenye kasi. Iko kwenye kina: kila pumzi ni kubwa kuliko mwili unavyohitaji ukiwa umelala.

Fanya mazoezi ya dakika mbili siku moja kabla, ili mwili uzoee mpangilio tu. Kosa la kawaida ni tumbo kuingia ndani wakati wa kuvuta badala ya kutoka. Weka daftari juu ya tumbo. Likishuka unapovuta, unapumua kinyume. Kosa la pili ni kuinua mabega, na shingo hulipia kesho yake.

Lakini kosa kubwa liko kwenye kutoa. Usipulize. Usikaze midomo. Usisukume kwa misuli ya tumbo. Fungua taya na uiache hewa ianguke kwa uzito wake. Nguvu ya darasa hili iko kwenye kuvuta. Kutoa hakuna kazi.

Kwa nini mikono hukakamaa

Huanza na hisia kama ya wadudu wanaotambaa kwenye ncha za vidole na kuzunguka midomo. Mtu akiendelea kupuliza, vidole vinanyooka na kubanana, kidole gumba kinaingia kiganjani, kifundo cha mkono kinajikunja, na midomo inakuwa migumu kiasi cha kushindwa kutamka neno. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani amepooza. Hajapooza. Pumzi kubwa mfululizo hutoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inakuwa ya alkali zaidi (asidi yake inapungua), kalsiamu iliyo huru ndani yake inapungua, na neva zinaanza kurusha ishara zenyewe. Kizunguzungu nacho kina chanzo hicho hicho: kabonidayoksaidi ikishuka, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa.

Waongozaji wengine huwaambia watu kwamba ni ubongo kujaa oksijeni, au sumu zinatoka mwilini. Si kweli. Damu ya mtu mwenye afya tayari imebeba asilimia 95 hadi 100 ya oksijeni inayoweza kubeba, hata kabla ya darasa.

Dawa ni kupunguza. Funga mdomo, vuta kwa pua kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Ndani ya dakika chache mikono inalegea. Usipumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Ni ushauri wa zamani wenye hatari zake. Ukishajua kwamba breki iko mikononi mwako, hofu nusu yake imekwisha.

Dakika kwa dakika

Dakika 5 za mwanzo ni za kuchosha. Mdomo unakauka, akili inakwambia huu ni upuuzi. Gusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, mate yatarudi. Kuanzia hapo hadi dakika ya 10 au 12 ganzi na joto huingia, na wengi hutaka kuacha. Ukiwa huna dalili za hatari zilizotajwa hapa chini, endelea kwa nusu ya nguvu badala ya kuacha kabisa.

Baadaye hisia huweza kupanda. Mara nyingi hutanguliwa na donge kooni au kidevu kutetemeka. Mazoea ni kumeza donge na kuuma meno, na hapo ndipo jambo hukwama. Legeza taya, toa pumzi ikiwa na sauti ya "aaa" ya chini, hata kama jirani anasikia. Kilio kikija, acha kuhesabu hatua tatu; lia, na pumzi iende itakavyo. Si lazima ujue unalilia nini. Mwongozaji akiwaalika mpige kelele, fanya hivyo ndani ya mto, au usifanye. Kusinzia nako hutokea, na hakuna aliyefeli kwa sababu hiyo.

Pumzi ikisimama yenyewe kwa sekunde kadhaa baada ya mzunguko wa kasi, usishtuke. Kabonidayoksaidi ndiyo inayoamsha hamu ya kuvuta hewa, na kwa wakati huo imepungua. Usiizuie pumzi kwa makusudi ili kushindana.

Acha kabisa na uinue mkono ukipata maumivu ya kifua, mapigo yasiyo na mpangilio, kukorota kifuani, macho kuingiwa giza, au woga mkali wa kuhisi uko nje ya mwili wako. Fungua macho, lala kwa ubavu, bonyeza viganja sakafuni, na utaje kwa sauti vitu vitano unavyoviona.

Baada ya muziki kupungua

Pumzika dakika 10 hadi 15 ukipumua kwa pua. Ni sehemu inayokatwa kwanza darasa likichelewa kuanza, na ikikatwa watu hutoka wakiwa wamefunguka bila kutulia. Dai muda wako. Geukia ubavu, kaa dakika moja, ndipo usimame. Kunywa maji, kula kitu chepesi. Usiendeshe chombo chochote mpaka ganzi na kizunguzungu viishe kabisa, angalau nusu saa. Kwenye mduara wa washiriki kusimulia yaliyowapata, kusema "napita" kunatosha.

Siku hiyo na kesho yake unaweza kuwa mchovu au mwepesi wa kulia. Andika nusu ukurasa, lala mapema, na ule ujumbe mrefu unaotaka kumtumia mtu usubiri siku mbili. Usingizi ukipotea, kilio kikidumu siku kadhaa, nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Mawazo ya kujidhuru yakija, nenda siku hiyo hiyo.

Kati ya darasa na darasa acha angalau wiki moja. Ikiwa madarasa mawili mfululizo yamekuacha na hofu badala ya nafuu, usiongeze la tatu kwa kudhani hujajitahidi vya kutosha. Rudi kwenye zile dakika 5 za kushusha pumzi polepole kila siku, na lile darasa la kasi liache.