Somo: Achini kwenye Stardew Valley, anapatikana wapi na umtumie kwenye nini

Wakuu habari za jioni. Hapa Kirumba, Mwanza, madogo wengi wameingia kwenye hili gemu la kulima na kila siku naulizwa achini yuko wapi, basi leo nimalize. Kwenye gemu ameandikwa Sea Urchin, ni yule kiumbe wa duara mwenye miiba. Pale soko letu la samaki la Mwaloni humkuti hata uzunguke kutwa nzima maana anaishi maji chumvi tu, sisi zetu sangara, sato na dagaa.

Kwanza kata mbao 300 za kutengeneza daraja la kwenda alipo. Kama miti inakuchosha nenda kwa Robin, yule fundi seremala, mwaka wa kwanza anauza ubao mmoja dhahabu 10 ila mwaka wa pili inaruka hadi 50 kwa hiyo usizubae. Jumanne hafungui duka.

Ukishakuwa nazo shuka ufukweni, pita kibanda cha Elliott, yule mwandishi, uelekee mashariki, utaona daraja limevunjika. Sio daraja la Kigongo-Busisi hili la kujengwa miaka, unaligusa, linakuuliza kama unataka kutumia mbao, unakubali, limepona moja kwa moja. Ng'ambo kuna mabwawa madogo ya maji ya bahari na hapo ndipo wanapotokea achini na matumbawe, msimu wowote. Unaokota kwa mkono. Kuna siku utakuta kadhaa, kuna siku patupu, vumilia.

Sasa hapa ndo watu wanakosea, wakiona anauzwa dhahabu 160 wanakimbilia kumtupia kwenye sanduku la mauzo. Wa kwanza mtunze bana! Anahitajika kwenye Dye Bundle, yaani bando la vitu unavyotakiwa kupeleka pale Community Center, lile jumba la kijiji, na ukimaliza hilo bando unapewa mashine ya kutengeneza mbegu, hiyo faida yake huwezi kulinganisha na 160.

Wa pili mnunulie tangi la samaki kwa Willy, yule mvuvi mwenye duka ufukweni, uliweke ndani ya nyumba, mtumbukize, halafu shika kofia yoyote uguse tangi. Anaivaa! Haina faida yoyote ya hela ila mimi naona ndo kitu kitamu kuliko vyote humo.

Angalizo kwa wa kompyuta: gemu linasevu ukilala tu, umeme ukikatika saa kumi jioni siku yote imeenda na achini wako.

MASWALI

Mkuu mbona natupa ndoano hapo hapo ng'ambo napata samaki wengine tu?
– Achini havuliwi dogo, sio kwa ndoano wala kwa mtego wa kaa. Weka fimbo chini, tembea uangalie ardhini.

Kofia kwenye simu inakubali? Natumia Android.
– Inakubali, ilikuja na toleo la 1.5 ambalo kwenye simu lilifika 2023, kwa hiyo kama la kwako ni la zamani sasisha kwanza. Kofia wanauza kwa yule panya msituni, na hafungui mpaka uwe umepata tuzo hata moja.

Kaka achini nimeshaweka, uyoga mwekundu na alizeti pia, bando bado halifungi, shida nini?
– Dada angu hapo ni kabichi nyekundu, inasumbua kila mtu. Pierre mwenye duka la mbegu anaanza kuuza mbegu zake mwaka wa pili, kabla ya hapo chungulia gari la yule mama mfanyabiashara Ijumaa na Jumapili, ukibahatika utaikuta. Ukipata mbegu panda kiangazi mapema, inakaa siku 9. Na unyoya wa bata umeweka?
– Bata ndo kwanza nanunua.
– Haya, mlishe vizuri basi, asipokupenda hatoi unyoya.