Kadi ya zamani ya diski haionekani kwenye Linux? Anza na namba yake

Usiitupe kwanza. Kadi nyingi za kuunganishia diski (SAS na SCSI ni aina za viunganishi, RAID ni kupanga diski kadhaa zifanye kazi kama moja) ambazo watu wanasema zimekufa wakizihamishia kwenye Linux mpya huwa ni nzima kabisa, ni draiva tu (programu ya kuiendesha kadi) imeachwa nje, na hizi kadi zilitengenezwa kwa seva zinazowaka mwaka mzima bila kuzimwa, kwahiyo inauma kweli kuona zinaishia jalalani.

Zima mashine, chomoa umeme, kandamiza kadi vizuri kwenye sloti, washa, alafu andika hii:

lspci -nnk

Pitia mpaka upate mstari kama huu:

01:00.0 Serial Attached SCSI controller [0107]: LSI Logic / Symbios Logic SAS2008 PCI-Express Fusion-MPT SAS-2 [Falcon] [1000:0072]

Hiyo 1000:0072 ya mwisho ndo kitambulisho cha kadi, 1000 ni mtengenezaji na 0072 ni chipu yenyewe. Jina lililobandikwa kwenye kadi achana nalo, maana Dell, IBM na HP waliuza kadi zenye chipu za LSI (mtengenezaji wa chipu) kwa majina yao, ukitafuta kwa jina la kadi utazunguka sana ila ukitafuta kwa namba unafika haraka. Chini ya mstari huo angalia kama kuna "Kernel driver in use". Ikiwepo, draiva imeshaishika kadi, ruka mpaka kwenye diski huko chini. Isipokuwepo, uliza keneli yako (kiini cha Linux) kama inaijua hiyo namba:

grep -i v00001000d00000072 /lib/modules/$(uname -r)/modules.alias

Ikijibu mpt3sas basi piga sudo modprobe mpt3sas (inapakia draiva) alafu soma dmesg, yaani ujumbe wa keneli. Na usihangaike kutafuta mpt2sas, toka keneli 4.4 iliunganishwa ndani ya mpt3sas. Za SAS1068E zinatumia mptsas, SCSI za LSI za 53C1030 ni mptspi, na Adaptec 2940 za enzi zile ni aic7xxx.

Sasa grep ikikaa kimya hapo ndo wengi wanakata tamaa, na hawana sababu. Mara nyingi keneli yenyewe bado ina draiva, ila waliotengeneza distro yako (toleo lako la Linux) ndo wameiondoa. RHEL 8 (Linux ya Red Hat) iliyotoka 2019 ilifuta kadi nyingi za zamani, na ndugu zake kama Rocky na AlmaLinux (kabla ya 9.4 ya 2024) wakarithi hivohivo. Kwa hao kuna ELRepo, hazina ya vifurushi vya nje, wana vifurushi vya kmod (moduli za keneli) kwa draiva zilizoondolewa, lakini kama Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwaka) imewashwa moduli itakataliwa mpaka usajili ufunguo wao au uizime. Kama hujafungwa na RHEL mimi ningeweka Debian tu, hizo draiva nilizotaja bado zimo. Na kama mfumo wenyewe unawaka kutoka diski iliyo kwenye hiyo kadi, draiva lazima iingie kwenye initramfs pia (faili dogo ambalo keneli inaanzia wakati wa kuwaka), Debian ni update-initramfs -u, familia ya RHEL ni dracut -f.

Kadi imeonekana ila diski hakuna? Kama ni ya RAID, mfano MegaRAID, mara nyingi haikuoneshi diski mojamoja mpaka uzipange kwenye menyu yake wakati mashine inawaka, na kama diski zina data usikubali kitu chochote kinachosema "initialize". SAS1068E haivuki TB 2.2 kwa diski moja, hiyo hakuna dawa, badili kadi. Diski zilizotoka kwenye storeji kubwa za maofisini zinaweza kusoma ukubwa 0 na dmesg ikaandika "Unsupported sector size 520", hizo unazigeuza kwa sg_format --format --size=512 /dev/sg2 (hakikisha namba ya sg kwanza kwa lsscsi -g) ila inafuta kila kitu na inachukua masaa. SCSI za zamani za nyaya pana angalia tamineta (kifaa cha kufunga mwisho wa waya), lazima iwepo kila mwisho wa waya.

Kuna lingine linasumbua sana, kompyuta ya kawaida inagoma kuwaka kabisa ukichomeka kadi za PERC, yaani kadi za RAID za Dell. Chukua kipande kidogo cha selotepu uzibe pini B5 na B6, ni ya tano na ya sita upande wenye chipu ukihesabu kutoka kwenye bamba la chuma la kadi, hizo ni za SMBus tu (nyaya ndogo za mawasiliano na ubao mama) na kadi inafanya kazi bila hizo.

Mwisho joto. SAS2008 haina feni yake, inategemea upepo mkali wa ndani ya seva, kwahiyo kwenye kesi ya kawaida funga feni ndogo ielekee kwenye hitisinki kabla hujaanza kuhamisha data, alafu soma diski nzima mara moja kwa dd kwenda /dev/null huku dmesg -w iko wazi pembeni, ukiona kadi inajirisetirisetisha ongeza upepo au badili waya.