Riwaya ya Kwanza Ukiwa Lamu: Usome Nini, Uandike Saa Ngapi

Anayetaka kuandika riwaya yake ya kwanza asianze na karatasi tupu. Aanze na madaftari mawili, la kurasa 96 la usomaji na la kurasa 200 la riwaya, na asiyachanganye. La usomaji ndilo lenye kazi kubwa miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa mwandishi mpya huandika kwa sauti ya kitabu alichokiweka chini jana. Ukisoma cha mtu mmoja tu, utakuwa mwangwi wake. Soma vitatu kwa zamu, vya waandishi wa mahali na miaka mbalimbali.

Vitabu vinavyofundisha zaidi ni riwaya za kwanza za waliotangulia: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978), Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Mara ya kwanza soma kwa raha, bila kalamu. Mara ya pili andika mambo manne kwa kila sura: ina kurasa ngapi, nani anataka nini, tuko wapi, na sentensi ya mwisho inasemaje. Hapo ndipo utaona sura ipi ilikatwa mapema na kwa nini. Kisha nakili kwa mkono ukurasa mmoja ulioupenda. Mkono huhisi urefu wa sentensi ambao jicho huupita.

Tenzi zisiachwe, ila zina mtego. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani (silabi) 8; vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba bahari, yaani kina kisichobadilika ubeti hadi ubeti, mpaka mwisho. Aliyelelewa na mahadhi hayo huandika nathari inayoimba bila yeye kujua. Chukua ukurasa wako, pigia mstari neno la mwisho la kila sentensi. Sentensi tatu zikifuatana na silabi mbili za mwisho zinafanana, pindua ya katikati. Cha kuchukua kwenye Utendi wa Mwana Kupona (1858) ni kingine: mama anazungumza na binti yake mmoja, Mwana Hashima, wala si na ulimwengu mzima. Nawe chagua msikilizaji mmoja unayemjua, andika jina lake ndani ya jalada la daftari, na kila unapokwama jiulize angekuuliza nini.

Saa nzuri ya kuandika mjini ni baada ya sala ya alfajiri mpaka saa moja asubuhi. Punda bado hawajajaa njiani, mashine za maboti hazijakolea, na jua halijafika uani. Jioni iache, hata ukiipenda. Jioni ni ya baraza na kahawa chungu, na huko ndiko mazungumzo ya riwaya yako yanakotoka. Lengo liwe maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hayo ni 1,500 kwa wiki, na katika wiki 40 una 60,000, riwaya kamili. Wiki 12 zilizobaki katika mwaka si za uvivu: ni akiba ya Ramadhani, Maulidi, wageni na homa. Mwezi wa Ramadhani punguza hadi maneno 100, lakini usiache kabisa, kwa sababu anayeacha mwezi mzima hurudi akaanza kuirekebisha sura ya kwanza, na hatoki tena hapo. Sura ya kwanza isiguswe mpaka ya mwisho iandikwe.

Sasa Kiamu, lahaja ya Lamu. Simulizi iende kwa Kiswahili sanifu, na Kiamu kiwe midomoni mwa wahusika. Hivyo msomaji wa Dodoma hatapotea na wa Mkomani, mtaa wa Lamu, hatajiona ameigizwa. Hatari ni maneno yenye sura moja na maana mbili. "Kuteka" kwa Mwamu ni kucheka; msomaji wa bara ataona mtu anachota maji au anamteka nyara mwenziwe. Neno kama hilo lizungushie tendo linaloonekana: meno yakatoka, mabega yakatikisika. Tena tengeneza orodha ya tahajia nyuma ya daftari. Ukiandika "ndoo" kwa maana ya njoo katika sura ya pili, usije ukaandika "njoo" kinywani mwa bibi yuleyule sura ya tisa.

Orodhesha pia unavyovipenda wewe: asumini, mkate wa mofa, mashua za mashindano, wimbo fulani wa harusi. Ni mali halisi, na ndiyo sababu waandishi wapya huimwaga yote katika kurasa kumi za mwanzo. Ruhusu kipenzi kimoja kwa sura, na kiwe na kazi. Harufu ya asumini isipomkumbusha mhusika jambo linalombadilisha, ifute.

Mji ni mdogo, na watu watajitafuta ndani ya kitabu. Mhusika aliyetoka kwa mtu wa kweli abadilishwe mambo matatu: kazi, mtaa na ukoo. Fundi jahazi wa Langoni awe mwalimu wa Shela, shangazi awe mke wa kaka. Kubadili jina tu hakumfichi mtu.

Andika kwa biki. Wino wa majimaji huchuruzika kwa jasho na unyevu wa masika. Usiweke madaftari kwenye kidaka cha ukuta wa nje, kwani ukuta wa mawe na chokaa huvuta maji na karatasi huota madoa. Kopo la plastiki lenye kifuniko linatosha, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila Ijumaa piga picha kurasa za wiki kwa simu, uzitume kwenye baruapepe yako.

Sura ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyependa vitabu. Usimuulize kama ni nzuri. Weka alama pale alipotazama mlango.