Kuajiri Nyumbani Ukiwa Ughaibuni: Marekebisho ya Kazi kwa Wafanyakazi Wenye Ulemavu

Wanadiaspora wengi wenye asili ya Mbeya, Iringa na Njombe wana miradi nyumbani inayosimamiwa na ndugu, kama vile nyumba ya wageni Mwanjelwa au ghala la kufungasha parachichi Tukuyu. Mwenye mradi wa namna hiyo ni mwajiri kamili hata akiwa anaishi Leeds au Minneapolis, na wajibu wake kwa mfanyakazi mwenye ulemavu haupunguzwi na umbali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na katazo hilo linamhusu hata mwenye wafanyakazi wanne tu.

Kabla ya kutuma fedha au vifaa, zungumza na mfanyakazi mwenyewe, bila msimamizi kumsemea, umuulize ni sehemu gani ya kazi inayompa shida na ni kitu gani kingemwezesha. Nasisitiza hili kwa sababu ni rahisi mno kupakia kwenye kontena kiti mwendo kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini za hospitali, ambacho magurudumu yake madogo ya mbele yatakwama kwenye changarawe na tope la Machi, na kikiharibika hakina vipuri sokoni.

Mara nyingi kinachohitajika ni kidogo. Katika ghala la parachichi, meza ya kuchambulia huwa imepimwa kwa mtu aliyesimama, hivyo mwenye ulemavu wa miguu huambiwa kwamba kazi haimfai, ilhali kupunguza miguu ya meza moja, kumpatia kiti chenye egemeo na kumpangia mwenzake wa kumsogezea kreti kungetosha. Kiziwi anachambua sawa na yeyote. Hatari yake ni lori linalorudi nyuma, ambayo huondolewa kwa kutenga njia ya waenda kwa miguu na kufunga taa ya kumwekamweka. Kwa mwenye ualbino, baridi ya Mbeya isikudanganye: mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua huunguza ngozi hata upepo ukiwa wa baridi. Mpatie kofia pana na mafuta ya kukinga jua, umpangie kazi za nje asubuhi na mapema, na orodha zake zichapishwe kwa herufi kubwa, kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu.

Kuhusu jengo, mwagize fundi kwamba kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa karibu mita 1.8, isakafiwe kwa saruji iliyokwaruzwa na si kwa vigae, ambavyo huteleza mvua inaponyesha. Choo kiwe cha kukaa, chenye vishikio.

Msimamizi akihofia kwamba wateja watasumbuka, mtume Iringa akaone Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Katika mgahawa wake wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi.

Mliyokubaliana yaandikwe kwenye mkataba, na ieleweke wazi kwamba gharama zake hazikatwi kwenye mshahara. Vilevile, mfanyakazi akipata ulemavu akiwa kazini, usimruhusu ndugu yako kumwachisha kazi kwa simu moja: Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinakutaka kwanza uangalie kama kazi yake inaweza kurekebishwa au kama ipo kazi nyingine anayoiweza. Akiachishwa bila hatua hizo, ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na atakayetakiwa kujibu ni wewe mwajiri.