Kabla hujapakia mtandaoni magazeti ya zamani ya mjomba wako

Kuwa na karatasi si kuwa na kilichoandikwa juu yake. Hilo halina mjadala. Umelinunua mnadani, umelirithi, umelinyakua kwa mama aliyekuwa analifungia vitumbua: karatasi ni yako, maneno na picha vina wenyewe.

Andika tarehe ya toleo kabla hujagusa mashine ya kuskani. Kama jalada limechanika, tarehe utaipata kwenye matangazo ya sinema au matokeo ya mpira.

Kisha piga hesabu, na uipige vizuri. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haihesabu tangu gazeti litoke, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Chukua Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Kwa umri huo unaweza kudhani kila kitu ndani yake kiko huru. Mashairi ya Shaaban Robert yalitoka humo. Yeye alifariki 1962, kwa hiyo kwa hesabu ya Bara muda wake uliisha mwishoni mwa 2012. Lakini kama ukurasa huohuo una shairi la kijana aliyekuja kufariki 1995, hilo linalindwa hadi mwisho wa 2045. Zanzibar wana sheria yao ya 2003, basi jibu la Bara usipande nalo boti. Ukivuka Namanga nako, picha ina hesabu yake: Kenya ni miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, na unashika mwaka wa karibuni zaidi.

Sasa nije kwenye lililonichoma. Mjomba, Mungu amrehemu, aliacha sanduku la bati Tanga limejaa jarida moja la picha la miaka ya sabini. Kampuni iliyolitoa ilikufa zamani, ofisi zake zikawa duka la mabati. Nikajiambia, mwenye mali hayupo, nani atadai? Nikaskani matoleo kumi na moja kwa ubora wa juu kabisa, nikakata kingo zilizoliwa na mchwa ili kurasa zipendeze, nikayatupia mtandaoni bure. Watu wakashukuru wee, mpaka nikavimba kichwa.

Mwezi wa pili nikapigiwa simu. "Kaka, picha ya bibi harusi uliyoweka ni ya mzee wangu. Yu hai. Anauliza jina lake liko wapi." Nikarudi sandukuni. Jina lilikuwepo, limechapwa kwa herufi za sisimizi pembeni mwa ukurasa, kwenye ukingo ule nilioukata kwa mkono wangu. Mzee hakuwa mwajiriwa wa jarida. Alikuwa na studio yake, na picha aliwapa waitumie toleo moja tu; filamu zake hasi anazo mpaka leo kwenye kopo la biskuti. Mbaya zaidi, kuna mtu alikuwa ameichukua ile skani yangu safi na kuichapa kwenye kalenda za kuuza. Nilifuta kila kitu siku ileile, nikaenda kumwomba radhi mzee, akanipokea kwa chai. Kalenda hazikufutika. Mwaka mzima nilizikuta zimening'inia kwenye vinyozi.

Gazeti ni kama daladala: jina ubavuni ni la mwenye gari, ila kila abiria ana mzigo wake. Makala ya mwandishi wa mshahara kwa kawaida ni ya mwajiri. Katuni, shairi, hadithi na picha ya mtu wa kujitegemea huenda si vya mwajiri kabisa. Na kampuni ikifa haki zake hazizikwi nayo, zinanunuliwa au zinarithiwa. Pitia ukurasa kwa ukurasa, andika kila jina unaloliona, na usikate ukingo hata kama mchwa wameula.

Habari yenyewe ya tukio haina mwenyewe. Kwamba treni ilichelewa mwaka 1974, sema utakavyo, kwa maneno yako. Ukiwa na shaka, weka jalada kwa ukubwa mdogo na orodha ya yaliyomo. Mtafiti anayehitaji zaidi atakutafuta. Uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, kabla, si baada ya simu kama yangu. Ruhusa iwe ya maandishi, hata ujumbe wa simu, lakini uutunze. Ukipakia kwenye tovuti ya Marekani kumbuka wao wana hesabu zao, na kazi iliyo huru hapa inaweza kuwa imefungwa kule. Usigonge nembo yako juu ya picha ya mwenzio.

Na ule ukurasa wa marafiki wa kalamu, wenye picha, umri, sanduku la posta na "napenda muziki na kubadilishana zawadi"? Huo hata sheria ikikuruhusu, uache. Wale mabinti wa miaka kumi na tisa sasa ni mabibi, na wajukuu wao wako mtandaoni.