Kabla Hujautenga Mtandao wa Mitambo: Mambo ya Kuzingatia

Viwanda vingi vina mtandao mmoja tu. Kompyuta ya mhasibu, printa ya bohari, kamera za getini na PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mashine) inayoendesha mstari wa kujaza chupa, vyote vimo ndani ya kundi moja la anwani, 192.168.1.0/24. Ubaya wake ni kwamba itifaki (lugha ya mawasiliano ya vifaa) kama Modbus TCP, inayopokea maombi kwenye poti 502 (namba ya mlango wa huduma), haiulizi nenosiri. Aliyeifikia PLC anaweza kubadilisha namba zinazoendesha mota. Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, wateja wapatao 225,000 walikosa umeme baada ya wavamizi kuingia kwa barua pepe za ofisini, kuiba nywila za wafanyakazi na kupita hadi upande wa mitambo kwa VPN (njia ya siri ya kuingia mtandaoni kutoka mbali) isiyodai uthibitisho wa pili. Kwa hiyo kugawa subneti, yaani kuukata mtandao vipande vyenye anwani zake, ni hatua ya kwanza tu, na sehemu kubwa ya hatua hiyo hufanyika kabla hujagusa swichi.

Anza kwa kufungua makabati ya umeme mwenyewe. Michoro ya siku ya makabidhiano huwa imepitwa na wakati. Kwa kila kifaa andika anwani ya IP, anwani ya MAC (namba ya kudumu ya kifaa), barakoa ya subneti (inayoonyesha mipaka yake), getiwei (mlango wa kutokea kwenda subneti nyingine) na poti ya swichi, yaani tundu, kilipochomekwa. Usikimbilie kuskani mtandao mzima, maana PLC za zamani zinaweza kuganda zikipigwa maswali mengi kwa mpigo. Soma jedwali la MAC la swichi, kisha weka poti ya kunakili (swichi ikutumie nakala ya mazungumzo yote) na usikilize nani anaongea na nani. Sikiliza mzunguko kamili wa kazi, pamoja na usafishaji wa mitambo na ripoti za mwisho wa mwezi. Kuna mazungumzo yanayotokea siku hizo tu.

Getiwei ndiyo inayowaumbua wengi. PLC ikikaa subneti moja na seva ya SKADA (mfumo wa kusimamia mitambo kwenye kompyuta) haihitaji getiwei, hivyo fundi aliyeifunga aliacha nafasi hiyo tupu. Ukiihamisha seva kwenda subneti nyingine, ombi lake litafika, lakini jibu halina njia ya kutokea. Hapo lawama zote huangukia faiawali (kizuizi kinachochuja mawasiliano), na watu hushinda wakifungua kanuni moja baada ya nyingine bila faida. Ubaya zaidi, baadhi ya modeli hudai upakie upya usanidi wa maunzi ndipo getiwei ibadilike, na CPU, ubongo wa PLC, husimama wakati huo. Hilo ni suala la uzalishaji, kwa hiyo meneja wa kiwanda alijue mapema. Kama PLC haiwezi kuguswa kabisa, ruta inaweza kubadilisha anwani ya mtumaji ili ombi lionekane limetoka ndani ya subneti ileile. Vyovyote iwavyo, pata bakapu ya programu ya kila PLC uliyoichukua kwenye PLC yenyewe. Usitegemee nakala iliyobaki kwenye laptopu ya mkandarasi.

Mipaka uichore wapi? Wengine huweka PLC zote kwenye VLAN moja (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile), skrini zote kwenye ya pili, na moduli za sensa kwenye ya tatu. Kwenye karatasi inapendeza, lakini mitambo itagoma. Data za muda halisi za PROFINET, itifaki nyingine ya mitambo, hazitumii IP, hivyo hazivuki ruta. PLC na moduli zake za mbali lazima zikae pamoja. Gawa kwa mashine au kwa hatua ya kazi: kujaza, boila, maji. Kiwango cha IEC 62443, cha usalama wa mitandao ya viwandani, nacho kinafikiri hivyo, kwa maeneo na njia chache zinazolindwa kati yake.

Kuhusu anwani, usibane. Subneti ya /28 inatoa anwani 14 tu, nazo huisha mara mtambo mpya unapoletwa. 10.20.10.0/24 kwa kujaza na 10.20.20.0/24 kwa boila zinatosha na zinasomeka. Zikwepe 192.168.0 na 192.168.1, maana ndizo anwani za ruta za majumbani na za mashine nyingi zitokazo kiwandani, na zitagongana siku mtu akiingia kwa VPN akiwa nyumbani.

Tafuta pia ruta ndogo yenye laini ya simu ndani ya kabati, iliyowekwa na muuzaji wa mashine ili aingie kutengeneza akiwa mbali. Hiyo inapita nje ya faiawali yako yote. Kaa na muuzaji mkubaliane njia mpya kabla hujaikata. Mkikosana naye, mashine itakapokufa mtajuta nyote wawili.

Kazi ifanyike siku mitambo imesimama kwa matengenezo, fundi umeme na mtu wa TEHAMA wakiwa mahali pamoja. Hifadhi usanidi wa kila swichi, beba kebo ya konsoli, na kubalianeni saa ya kurudi nyuma kama mambo hayajakaa sawa. Mkimaliza, jaribuni kufikia poti 502 mkiwa kwenye laptopu ya ofisini: isifunguke. Kisha washeni mstari na mchomoe kebo ya faiawali. Ripoti za ofisini zitakoma kupokea data, lakini chupa ziendelee kujazwa. Zikisimama, ndani ya eneo lile kuna kifaa ambacho bado kinategemea kitu cha nje, na hakimo kwenye orodha yenu.